Salama, Ila

Kisanduku kiliamka kabla ya jogoo wa jirani Kagoma. Kikajikohoza kidogo pale ukutani (nani alikifundisha kukohoa, Mungu ndiye ajuaye), kisha kikasema kwa ile sauti yake ya binti aliyelelewa vizuri:

"Shikamoo, Bi Nyanzobe. Umeamkaje?"

Nyanzobe alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta, mguu mmoja sakafuni na mwingine juu ya mto. Akapiga makofi yale ya taratibu, viganja vimekunjwa, kama wanawake wa bonde la Malagarasi wanavyopiga wakisalimiwa kwa heshima.

"Marahaba, mjukuu wangu. Tumeamka salama, tunamshukuru Mungu. Wewe je, hapo ukutani baridi haikupigi?"

"Nimefurahi kusikia hivyo, Bi Nyanzobe."

"Ila, mjukuu wangu, huu mguu..."

Taa ya kijani ikawaka. Chini ya mtulinga wake, ndani ya ngozi, kitufe kikalia tiki, na dawa ya siku ile ikaanza kuingia kwenye damu. Kisanduku kilikuwa kimeshalala. Mguu ukabaki bila msikilizaji.

Bukuru, mumewe, alikuwa mlangoni, buti za chumvini mkononi. Alikuwa anakwenda zamu. Akaziweka chini.

"Mama Ezra, funua hiyo kanga."

"Ya nini? Nenda kazini, vioo vitapata jua wewe hujafika."

"Funua."

Akafunua. Mguu ulikuwa umejaa mpaka kifundo hakionekani, ngozi imevutika na kung'aa kama ndizi iliyochemshwa na ganda lake. Bukuru akabonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale, halirudi. Akakaa akilitazama lile shimo.

"Tangu lini?"

"Sijui. Tangu juzi, tangu kabla ya juzi. Viatu vilianza kunikataa."

"Na kisanduku unakiambia salama!"

"Sasa mtoto wa watu kanipa shikamoo, kaniuliza nimeamkaje, nimtupie mguu usoni? Nimeamka salama, si nimeamka? Nilikuwa nakuja kwenye mguu. Hakungoja."

Bukuru akakiendea kisanduku, akakigonga kwa kidole. "Wewe! Mke wangu mgonjwa. Amevimba. Unasikia?"

"Samahani," kikasema bila kuwasha taa. "Wewe si mgonjwa wala msemaji wa mgonjwa. Kauli ya leo imeshapokelewa. Siku njema."

*

Vile visanduku vililetwa Chumvini mwaka ule walipovunja wodi ya saratani. Wakubwa wa Mamlaka ya Tiba za Majumbani walifika na gari zisizo na dereva, wakavaa kofia za manjano, wakapiga picha mbele ya vioo vikubwa vya jua vinavyochemshia maji ya chumvi, wakasema sasa mgonjwa hatasafiri tena. Hospitali imekuja nyumbani. Watu wakapiga makofi. Hata Bukuru alipiga, na hilo lilikuwa linamkera mpaka leo.

Kwenye makaratasi kazi ya kisanduku ilikuwa nzuri. Mtu mwenye saratani anapandikizwa kitufe chenye dawa ya kutosha kwa muda mrefu. Ndani ya kitufe kuna jicho la damu, kigae kidogo kama punje ya mtama, ambacho husoma damu na kumpelekea habari yule wa ukutani. Wa ukutani anapima: leo aongeze, apunguze, au asimamishe. Jicho la damu ndilo lenye akili. Lakini jicho huchoka, hufunikwa na ukungu, na lazima libadilishwe kila baada ya muda. Wakubwa wakakaa mahali penye kiyoyozi, wakaona kubadilisha ni gharama, wakaandika waraka: jicho likichoka, Mwangalizi atumie kauli ya mgonjwa. Ndilo jina la kisanduku serikalini, Mwangalizi. Amuulize mgonjwa ameamkaje. Akisema vibaya, dawa ipungue palepale na daktari aitwe. Akisema salama, dawa iingie yote. Na amuulize mara moja tu, asubuhi, kwa sababu kukaa macho kutwa kunakula mtandao.

Aliyeandika waraka ule, Bukuru alikuwa akisema, hajawahi kupokea mgeni nyumbani kwake. Au labda hana nyumba.

Maana huku mtu akikusalimia unajibu salama. Hata kama nyumba inaungua unajibu salama, kisha mgeni anakaa, anapewa maji, anayanywa, ndipo unasema: ila bwana, kuna moto huko nyuma. Salama ya kwanza si habari. Ni mlango unaofunguliwa. Habari iko ndani, na kila mtu mwenye mama aliyemzaa anajua kungoja afike ndani. Nyanzobe alichapwa fimbo na mama yake akiwa mdogo kwa kumjibu mgeni kwamba hawajambo ila wana njaa, akayasema yote kwa pumzi moja, kabla mgeni hajakaa. Tangu siku hiyo hakurudia.

*

Nesi Edina alikuwa peke yake kwenye zahanati, kama siku zote. Alitoboa kidole cha Nyanzobe, akatia tone kwenye kile kipimo chake cha zamani, akangoja. Kisha akakigeuza kipimo kifudifudi mezani, kama mtu anayeficha karata.

"Mama, mkojo ukoje?"

Nyanzobe akamtazama mumewe, akacheka kidogo kwa aibu. "Unatoka kwa kujivuta. Na una povu, kama maji ya kufulia."

"Na mdomoni?"

"Ladha ya sarafu. Chakula chote kinanuka bati."

Edina akashusha pumzi. Alikuwa msichana mnene, mpole, mwenye tabia ya kufuta meza iliyo safi. Akaanza kuifuta.

"Ni figo," akasema. "Dawa ya saratani inapita humo ikitoka mwilini. Inazichoma. Zile figo kazi yake ni kuchuja uchafu wa damu, sasa zimechoka, uchafu unabaki ndani. Ndiyo huo uvimbe. Mwangalizi angejua angepunguza dawa tangu mwezi ule mwingine."

"Basi mwambie," akasema Bukuru. "Wewe si nesi? Mwambie."

"Hapokei kwangu, baba. Kipimo changu si cha daraja lake. Nimemwandikia daktari wa saratani kule mkoani. Anasema figo si zake, niende kwa wa figo. Nimemwandikia wa figo. Anasema huyu ana saratani ya shingo ya kizazi, wenye saratani hawamo kwenye mpango wa mashine za chujio, nimrudishe kwa wa saratani."

"Kwa hiyo wa saratani anaona figo, wa figo anaona saratani."

"Ndiyo, baba."

"Mke wangu anaonwa na nani?"

Edina akafuta meza.

"Kuna njia mbili," akasema mwishowe. "Ya kwanza, mama mwenyewe aseme vibaya. Asubuhi, neno la kwanza. Vibaya. Dawa itapungua siku hiyohiyo, figo zipumue, tuone kama zitarudi. Mama, unaweza?"

"Neno moja tu linishinde?" akasema Nyanzobe.

"Na ya pili?" akauliza Bukuru.

Nesi akaangalia dirishani. "Ya pili ni usemaji. Mgonjwa akipoteza akili, mwenzake anaandikwa msemaji, Mwangalizi anamsikiliza yeye. Lakini lazima iandikwe kwamba hana akili timamu, na mashahidi wawili waweke dole gumba. Na ikishaandikwa haifutiki. Hata kanisani hataweza kusimamia ubatizo, hata shamba lake hatagawa."

"Hiyo hapana," akasema Nyanzobe. Alisema bila kupandisha sauti. "Hiyo hapana kabisa. Nimezeeka na akili zangu, nitakufa na akili zangu. Umesikia, Baba Ezra? Usiniandike kichaa."

*

Jioni wakafanya mazoezi uani. Bukuru alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akawa ndiye kisanduku. Akajikohoza.

"Shikamoo, Bi Nyanzobe. Umeamkaje?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Sal..."

"Ee!"

"Lo. Anza tena."

"Shikamoo, Bi Nyanzobe. Umeamkaje?"

"Tumeamka salama... Mungu wangu, mdomo huu!" Akajipiga mdomoni, akacheka mpaka akashika mbavu. Bukuru naye akacheka. Ilikuwa zamani hawajacheka pamoja namna ile. Kagoma, jirani yao na mwenzake wa chumvini, akachungulia juu ya ua.

"Mnafundishana nini nyie wazee? Kiswahili?"

"Namfundisha shemeji yako kukosa adabu," akasema Bukuru.

"Ungeniita mimi, ningemaliza leo leo."

Wakarudia, wakarudia. Jua likaondoka kwenye vioo. Mara ile Bukuru hakujikohoza hata kidogo, akauliza taratibu tu, kama mtu anayetaka kujua:

"Umeamkaje, Nyanzobe?"

Nyanzobe akatazama miguu yake.

"Vibaya," akasema.

Halafu akajifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yakaanza kutikisika.

"Mbona kama najilaani?" akasema ndani ya kanga. "Baba Ezra, mbona nikilisema linakuwa kweli?"

Asubuhi yake walikaa kitandani wote wawili, wameshikana mikono kama wanaokwenda kufungishwa ndoa. Kisanduku kikakohoa.

"Shikamoo, Bi Nyanzobe. Umeamkaje?"

Bukuru aliuona mdomo wa mkewe ukijiandaa kwa lile neno, meno ya juu yameshagusa mdomo wa chini. Lakini ile shikamoo ilikuwa imeshapita mbele. Ukipewa shikamoo unaitikia, na ukishaitikia ulimi unajua wenyewe njia ya kwenda. Viganja vikakunjana vyenyewe. Makofi yakalia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Salama tu, ila leo..."

Taa ya kijani. Tiki.

Nyanzobe akashika mdomo kwa mkono kama mtu aliyevunja chombo cha watu.

"Limetoka lenyewe," akasema. "Wallahi limetoka lenyewe."

*

Wakajaribu tena na tena. Asubuhi moja alinyamaza kabisa asiseme kitu, na kisanduku kikamngoja, kikasema: "Sijasikia. Nitatumia kauli ya jana." Kumbe kungoja kilikuwa kinajua. Hapo Bukuru alitaka kukivunja kwa nyundo ya mawe. Nyanzobe akamshika shati: kisanduku kikivunjwa, kitufe kinaendelea na kauli ya mwisho mpaka dawa iishe. Edina alishawaambia.

Kisha akaanza kutapika. Kwikwi zikamshika, haziachi hata akila, na ngozi ikamwasha mpaka akawa anajikuna kwa gunzi. Pumzi yake ikaanza kunuka kama mkojo wa mbuzi. Chumvi alikatazwa, yeye mke wa mchemsha chumvi. Zamani Bukuru akirudi zamu, Nyanzobe alikuwa akiushika mkono wa mumewe na kuulamba kidogo mgongoni, kwa utani, akisema leo chumvi imekolea au leo mmelala. Sasa Bukuru alikuwa akinawa kisimani mpaka viwiko kabla ya kuingia ndani, asije akamtamanisha.

Siku aliyomkuta amelala mchana kweupe, akamwamsha, naye akamtazama kwa muda mrefu kabla ya kumjua, siku ile hakurudi kazini. Akaenda kwa Kagoma.

"Nataka dole gumba lako."

Kagoma alikuwa anamenya muhogo. Akaacha. "La usemaji?"

"La usemaji."

"Nimwandike shemeji kichaa? Yule aliyenikumbusha jina la baba yangu mdogo juzi? Bukuru, nitamtazamaje?"

"Mtazame akiwa hai. Ukimwacha na akili zake utamtazama kaburini."

"Amekubali?"

Bukuru akaokota ganda la muhogo, akalitupa.

"Nakuuliza, mwenyewe amekubali?"

"Amenikataza," akasema Bukuru. "Amenikataza mbele ya nesi. Sasa niambie wewe, bwana mwenye huruma. Nimheshimu afe, au nimvunjie heshima aishi? Wakubwa wamenipa hayo mawili. La tatu hawakuniwekea. Kama unalo wewe, lete."

Kagoma akakaa na kisu mkononi. Kisha akafuta dole gumba kwenye suruali.

"Twende," akasema. "Lakini akiniuliza, nitasema ulinilevya."

Edina ndiye alikuwa shahidi wa pili. Alibonyeza dole lake kwenye kioo cha zahanati huku akilia. Bukuru alibonyeza la kwake mara nyingi, kwa sababu kioo hakikulisoma. Chumvi ya miaka ilikuwa imeufuta ule mchoro wa kidole, na ilibidi alinyonye kwanza kama mtoto ndipo likakubaliwa.

Nyumbani alimwambia Nyanzobe mwenyewe. Hakutaka asikie kwa kisanduku.

Kwikwi ikapita, ikaja nyingine.

"Kwa hiyo sasa mimi ni kichaa."

"Kwenye karatasi yao tu."

"Karatasi yao ndiyo itakayosomwa." Akageukia ukuta. "Basi wewe mwenye akili, kesho useme vizuri."

*

Bukuru hakulala. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kisanduku, neno liko mdomoni kama punje ya mahindi. Vibaya. Hali yake ni vibaya sana. Amevimba, anatapika, hakojoi. Alikuwa amelipanga kama mawe ya msingi. Kitauliza: hali ya mgonjwa ikoje? Naye atajibu.

Jogoo wa Kagoma alikuwa hajawika bado. Kisanduku kikakohoa.

"Shikamoo, Bwana Bukuru. Habari za asubuhi?"

Sauti ilikuwa ileile, ya binti aliyelelewa vizuri. Hakikuuliza habari za mgonjwa. Kilimsalimia yeye kwanza, kwa jina lake, kama inavyopasa. Naye Bukuru, aliyekuwa amekaza macho kungoja swali la mgonjwa, akaitikia ile salamu ili ipite, swali lije.

"Marahaba," akasema. "Nzuri."

Taa ya kijani ikawaka.

Kitandani, chini ya mtulinga wa Nyanzobe, kitufe kikalia tiki.

"Hapana," akasema Bukuru. "Hapana, hapana, hujaniuliza! Hujaniuliza mgonjwa! Mimi nimekuitikia wewe salamu! Rudi! We mtoto, rudi!"

"Asante kwa kauli yako. Siku njema."

Alikipiga ngumi mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Nyuma yake alisikia mkewe akicheka, kicheko kidogo kilichokatwa na kwikwi.

"Umeniandika kichaa," akasema Nyanzobe, "halafu umesema nzuri. Sasa kichaa nani hapa?"

*

Alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Mwili wake ulikuwa mzito wa maji na mwepesi wa mtu. Edina akamwita ofisa wa Mamlaka, na sura ya ofisa ikatokea kwenye kioo cha ukutani: kijana, shati lililopigwa pasi, jina lake Bwana Kitundu. Alikuwa anakunywa kitu kwenye kikombe.

"Habari zenu hapo," akasema.

Bukuru alikaza taya asijibu. Edina naye akanyamaza. Bwana Kitundu akaona wamekosa adabu, ikaonekana usoni mwake.

"Nina kumbukumbu hapa," akasema. "Mgonjwa mwenyewe: salama, salama, salama. Juu mpaka chini. Leo msemaji: nzuri. Sasa mzee wangu, lawama za mashine zinatoka wapi?"

"Wewe kijana umesalimia sasa hivi," akasema Bukuru. "Ungejibiwa nzuri, ungeondoka?"

"Sikuelewi."

"Najua hunielewi. Mke wangu huyo hapo. Mwangalie. Unamwona? Sema unachoona."

Ofisa akasogeza uso, akatazama. Kwa kitambo kidogo akawa kama mtu, hata kikombe akakishusha. Kisha akatazama pembeni, mahali palipoandikwa maneno yake.

"Tumepokea malalamiko ya namna hii kutoka kanda yenu," akasema. "Wananchi hawatoi kauli sahihi. Tumepanga semina. Tutawafundisha namna ya kujibu."

"Semina," akasema Bukuru.

"Ndiyo. Na kwa mama, ombi la kusimamisha dawa litapitiwa kwa utaratibu."

"Na chujio? Zile mashine za figo?"

"Kama faili linavyosema, ana saratani."

Bukuru alikuwa na matusi ya kutosha kujaza bwawa la chumvi. Kilichotoka ni sauti ndogo, hata yeye hakuitambua. "Bwana mkubwa, nakuomba. Piga simu moja tu. Wewe una mama."

"Siku njema, mzee," akasema Bwana Kitundu, na kioo kikawa ukuta.

Edina alikwenda akafunga mlango wa zahanati kwa komeo. Akachemsha maji, akatoa kisu kidogo, akavaa glavu.

"Nikikitoa kitufe," akamwambia Nyanzobe, "hawatakupa kingine maisha. Saratani itabaki bila dawa. Na mimi watanifukuza. Mama, nikitoe?"

"Unamuuliza kichaa?" akasema Nyanzobe.

"Nakuuliza wewe."

Nyanzobe akamshika mkono wenye glavu. "Toa, mwanangu. Na asante kwa kuuliza."

Kilitoka na damu kidogo tu. Kiliwekwa kwenye kisahani, na hapo kwenye kisahani kikaendelea kutoa dawa, tone moja, tone moja, kikiitibu sahani.

*

Figo hazikurudi. Edina alikuwa amesema huenda zikarudi, kisha akaacha kusema. Saratani haikupata hata nafasi ya kumuua. Wengine walikuwa wameshaiwahi.

Siku ya mwisho Nyanzobe aliomba chumvi. Bukuru akamtazama nesi, nesi akaitikia kwa kichwa: sasa ya nini kumkatalia. Bukuru akaenda kazini kwake, akaingiza mkono kwenye beseni la juu, lile lenye chumvi nyeupe ya kwanza, akarudi haraka mkono haujafutwa. Nyanzobe akaushika kwa vidole vyake vilivyovimba, akaulamba mgongoni, kidogo.

"Leo imekolea," akasema.

"Imekolea, ee?"

"Imekolea." Akafumba macho. "Baba Ezra, usikae na hasira kwa ajili yangu. Yule mtoto wa ukutani hakufundishwa kungoja. Hana kosa."

"Waliomfundisha wana kosa."

"Hao wanalo," akasema Nyanzobe. "Hao usiwasamehe haraka."

Akalala mchana ule na hakuamka.

Asubuhi ya pili wanawake wamejaa uani, Kagoma anachonga msalaba, kisanduku kikakohoa ukutani. "Shikamoo, Bwana Bukuru. Habari za asubuhi?" Watu wote wakageuka. Bukuru alikitazama. Kikasema: "Sijasikia. Nitatumia kauli ya jana." Taa ya kijani ikawaka ndani ya chumba cha msiba.

Wakati huohuo simu ya mkononi mwake ikatetemeka. Alikuwa Ezra, mtoto wao wa pekee, kutoka machimbo ya Mpanda, chini ya ardhi ambako mawimbi hayafiki mpaka zamu ipande juu. Alikuwa hajapata habari. Bukuru aliliona jina likiwaka, mkono wake ukawa hautaki. Aliapa tangu siku ile alipokiitikia kisanduku kwamba hatamjibu tena mtu yeyote salama wala nzuri, maisha yake yote, hata akisalimiwa na askofu. Akapokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

Bukuru alifungua mdomo aseme lile neno jipya, lile lililomshinda mkewe, nalo halikuja. Likaja lile la siku zote, lile la mama yake na la mama wa mama yake.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Ila..."

Huko Mpanda kulikuwa na mlio wa mashine, halafu kama mtu amezifunika kwa kiganja, kukawa kimya. Ezra hakusema kitu. Hakukata simu. Bukuru alimsikia akihema kule mbali.

Mtoto wake alikuwa anangoja.